Kufungasha Mutt yenye Kiswahili: .deb na .rpm, Flatpak, AppImage au binari moja?

fundi_wa_njoro (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Nasimamia kompyuta za chuo kidogo cha ufundi huku Njoro. Ni laptopu za mtumba, nyingi zina RAM ya GB 2. Maabara ina Debian 12, ofisi zina Fedora, na walimu wawili wameng'ang'ania Arch. Ukifungua barua pepe kwenye kivinjari, mashine inakokota hadi kipanya hakisogei. Tukawahamishia wanafunzi Mutt, programu ya barua pepe ya maandishi matupu kwenye terminali: inafunguka papo hapo, inasoma barua zilizo kwenye seva (IMAP), na bando haliishii kwenye matangazo.

Sasa nimetafsiri jumbe zake kwa Kiswahili, faili ya tafsiri, sw.po, iko tayari, na juu yake nina viraka viwili, yaani mabadiliko yangu kwenye programu. Kimoja kinabadilisha mipangilio ya mwanzo: orodha ya folda ionekane pembeni, kihariri kiwe nano. Cha pili kinagusa msimbo wa C: mtu akiandika "nimeambatisha" na hajaweka faili yoyote, aulizwe kabla barua haijaondoka. Kwa hivyo Mutt ya kwenye hazina za distro (Debian, Fedora na wenzao) hainitoshi, lazima nifungashe yangu.

Nimewaza .deb (ya Debian) na .rpm (ya Fedora) kila moja kivyake, au Flatpak inayoendesha programu kwenye kizimba chake, au AppImage, faili moja ya kubeba kwa flashi, au binari moja tuli yenye maktaba zake ndani, niitupe /usr/local/bin nimalize. Moyo unaelekea Flatpak, maana nafungasha mara moja inaenda kote. Mnasemaje?

Akinyi_KSM (Kisumu)

Flatpak kwa programu ya terminali? Pole mapema, kaka.

Mutt haiishi peke yake. Ukiandika barua inaita kihariri. Ukisaini inaita gpg. Barua ya HTML inaipeleka kwa w3m, kivinjari cha maandishi, kupitia faili ya mailcap, na wengine hutuma kwa programu ya msmtp. Flatpak inaifungia kizimbani, na humo ndani nano yako haimo wala gpg-agent yako, mtunza funguo za gpg, haionekani. Basi utaanza kutoboa matundu: --filesystem=home, kisha soketi ya gpg, kisha flatpak-spawn --host ili kuita programu za nje. Hiyo ya mwisho inadai ruhusa ya kuongea na org.freedesktop.Flatpak, na ukishaitoa kizimba kimebaki jina tu. Ongeza runtime (maktaba za msingi za Flatpak) ya mamia ya MB kwa ajili ya programu ya MB chache. Wewe si ndiye uliyelia kuhusu bando?

Snap, mfumo wa Ubuntu unaofanana na Flatpak, usiiguse kabisa. Kwenye snap ya kawaida, ruhusa ya "home" haifungui faili za nyumbani zinazoanza na nukta. Hiyo ina maana ~/.muttrc, faili ya mipangilio ya Mutt, haisomeki.

simiyu_kanduyi (Bungoma)

Akinyi amemaliza ya Flatpak. Mimi niseme ya AppImage na binari tuli, maana huko nimepita.

AppImage nyingi bado zinataka maktaba ya libfuse2, na Ubuntu tangu 22.04 haiji nayo. Mtumiaji anabofya, kimya. Akiiendesha kwenye terminali ndipo anaona inalilia FUSE.

Binari tuli inavutia zaidi na inaumiza zaidi. Ukiunganisha glibc, maktaba ya msingi ya C, kwa njia tuli, kutafuta majina ya seva bado kunategemea maktaba za NSS za mashine husika, na iconv, inayobadilisha usimbaji wa herufi, nayo inapakia moduli zake wakati wa kuendesha. Yaani "tuli" yenyewe si tuli. Halafu kuna vyeti vya TLS vya kuthibitisha seva: Debian inaviweka /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt, Fedora imezoea /etc/pki/tls/certs. Binari moja, njia mbili.

Na ukikompaili mwenyewe, jua kwamba ./configure tupu ya Mutt haiwashi IMAP. Lazima useme --enable-imap, --enable-smtp, --with-gnutls au --with-ssl, --with-sasl, --enable-hcache. Endesha mutt -v uangalie: ukiona -USE_IMAP yenye alama ya kutoa, umejenga kisomaji kisichojua IMAP.

fundi_wa_njoro

Simiyu, hiyo ya mutt -v ndiyo iliyonitesa wiki jana, asante. Basi tuseme .deb na .rpm. Kuna ubaya gani nikijenga kwa checkinstall na kusambaza?

mama_seva (Kakamega)

Ubaya ni tegemezi, mwanangu. Checkinstall inakusanya faili tu, haijui Mutt inahitaji nini. Mfano: kifurushi cha Debian kinapendekeza libsasl2-modules. Isipokuwepo, mtumiaji anaweka nywila sahihi na kuambiwa "No authenticators available". Atabadilisha nywila hadi kesho.

Kama ni lazima ujenge upya, anza na chanzo cha distro yenyewe, si tarball ya mradi. Kwenye Debian: apt build-dep mutt, apt source mutt, viraka viingie debian/patches na majina yao kwenye faili ya series, kisha dch --local +sw, halafu debuild -us -uc. Kwenye Fedora chukua src.rpm, ongeza mistari ya Patch kwenye faili ya spec, jenga kwa mock ili mazingira yawe safi.

Ile +sw ina kazi. Kama distro ina toleo linaloishia deb12u1, lako litaishia deb12u1+sw1. Ni kubwa kuliko la distro, kwa hivyo apt italikubali. Lakini siku Debian ikitoa deb12u2 kuziba tundu la usalama, hilo litakuwa kubwa kuliko lako, na mashine zitachukua dawa hata kama wewe umelala. Ukijifanya mjanja uandike 99 mwanzoni ili usipitwe, umewafungia wanafunzi wako nje ya kila marekebisho yajayo.

Na matundu hutokea. Julai 2018 ilibidi toleo la 1.10.1 litoke kwa haraka. Kati ya yaliyozibwa kulikuwa na moja lililomruhusu mwenye seva ya IMAP mbaya kuendesha amri kwenye mashine ya msomaji, CVE-2018-14354. Juni 2020 yakaja ya STARTTLS, hatua ya kuanza kusimba mawasiliano na seva. Mwenye binari tuli kwenye /usr/local/bin nani alimpelekea habari?

simiyu_kanduyi

Lakini mama, ukifanya hivyo, siku deb12u2 ikiingia Kiswahili chote kinapotea asubuhi moja, hadi ajenge tena. Wanafunzi watampigia simu.

mama_seva

Watapiga. Afadhali simu hiyo.

okoth_maseno (Maseno)

Samahani kuingilia, naona tunabishana jinsi ya kufungasha kabla ya kuuliza nini kifungashwe.

Tafsiri ya gettext, mfumo wa tafsiri ambao Mutt inautumia, haimo ndani ya binari. Ni faili pembeni, /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES/mutt.mo, na Mutt ya distro itaisoma ikiikuta hapo. Fundi, fanya msgfmt -o mutt.mo sw.po, nakili hapo kwenye mashine moja, weka LANG=sw_KE.UTF-8, ufungue Mutt ileile ya apt. Hujakompaili chochote.

Kiraka cha kwanza ni mipangilio, si msimbo. Mutt ya Debian inasoma kila faili ya .rc iliyo ndani ya /etc/Muttrc.d. Weka sidebar_visible na editor humo.

Kiraka cha pili nacho kipo tayari kwenye Mutt:

set abort_noattach=ask-yes
set abort_noattach_regexp="attach|ambat"

Hiyo "ambat" inanasa kiambatisho, viambatisho, nimeambatisha, yote. Ila kwenye NeoMutt, tawi la Mutt, jina linaishia _regex, bila p.

Kwa hivyo kifurushi chako ni faili mbili. Kiite mutt-sw, Architecture: all (mashine za aina zote), Depends: mutt. Kwenye rpm ni noarch. Debian ikisasisha Mutt, kifurushi chako hakiguswi na Kiswahili kinabaki. Kitakachotokea ni kwamba sentensi zilizobadilishwa kwenye toleo jipya zitaonekana kwa Kiingereza mpaka upitishe msgmerge uzitafsiri upya. Simu hiyo hata haitapigwa.

Akinyi_KSM

Okoth, ungeanza wewe tukalala mapema 😂

Swali: kwa faili mbili kuna haja ya debian/rules na spec? Nfpm inakula YAML moja inatoa .deb, .rpm na hata ya Arch.

mama_seva

Kwa matumizi ya ndani, nfpm sawa kabisa. Debian yenyewe haitakipokea hivyo, itataka kifurushi cha chanzo, debian/copyright iliyojazwa vizuri na lintian, kikaguzi cha vifurushi, iliyotulia. Lakini kwa nini upeleke kwa distro? Peleka sw.po kwa mradi wa Mutt. Ikikubaliwa huko, distro zote zitaibeba na mutt-sw itakufa kifo chema.

Na leseni: Mutt ni GPL, tafsiri yake ifuate hivyo hivyo, weka sw.po pamoja na .mo. Wazee wenzangu mnakumbuka Pine, programu ya barua pepe ya Chuo Kikuu cha Washington. Leseni yake ilifanya Debian isiweze kusambaza binari iliyorekebishwa, ikabaki kuwapa watu chanzo wajijengee. Mpaka mrithi wake, Alpine, ilipokuja na leseni ya Apache.

fundi_wa_njoro

Nimejaribu kwenye Debian, imekubali! Fedora imegoma. Faili iko mahali pake, LANG nimeweka, bado Kiingereza.

okoth_maseno

Fedora inagawa locale (mipangilio ya lugha) za glibc vipande vipande. dnf install glibc-langpack-sw. Kwenye .rpm yako iweke kama Requires. Debian nako hakikisha sw_KE.UTF-8 imezalishwa kwa dpkg-reconfigure locales, na kwamba hakuna mtu aliyeweka localepurge, maana itakufagilia hiyo .mo.

Fedora pia haina Muttrc.d. /etc/Muttrc yake inaita /etc/Muttrc.local, na faili hiyo ni mali ya kifurushi cha mutt, kwa hivyo rpm yako ikijaribu kuileta tena zitagongana. Faili ya mipangilio iwe na jina lake chini ya /usr/share/mutt-sw, halafu kwenye Muttrc.local uongeze mstari mmoja wa source, kwa mkono au kwa Ansible, zana ya kusimamia mashine nyingi.

simiyu_kanduyi

Kabla hujagawa, jambo moja la hatari. Maswali ya ndiyo na hapana, Mutt inalinganisha herufi na yesexpr ya locale, kanuni ya herufi zinazohesabiwa kuwa ndiyo. Endesha locale yesexpr na locale noexpr kwenye kila distro usome herufi zilizomo. Mwanafunzi amezoea kubonyeza n akimaanisha "no". Kama locale ya Kiswahili inaihesabu n kuwa mwanzo wa ndiyo, atafuta barua alizotaka kubakisha.

Na pale Mutt inapouliza kuhusu cheti, kukataa, kukubali mara moja au daima, herufi za majibu ni msgid (kipande cha kutafsiri) ya peke yake kwenye .po, ile "roa". Mpangilio wake ulingane na sentensi uliyotafsiri, vinginevyo atabonyeza kukataa na programu isikie kukubali.

fundi_wa_njoro

Ya "roa" nilikuwa nimeiacha kama ilivyo, narekebisha leo. Kwa maswali ya kufuta nitaweka set delete=ask-no kwenye .rc ili Enter tupu isifute kitu.

Ijumaa maabara yote inapata mutt-sw, ofisi Jumatatu baada ya langpack. Sw.po nitaituma kwa mradi wa Mutt nikishapata mtu wa pili wa kuisoma. Akinyi, una nafasi? Wa Arch nawapa PKGBUILD tu, hati ya kujenga kifurushi chao, watajijua.

Akinyi_KSM

Tuma. Ila nikikuta umeandika "barua-pepe" yenye kistari mara mia mbili nakurudishia.