Mafundi wa trela Nairobi, acheni kutuuzia mlango wa geti uliopakwa silikoni

Wadau, hili lazima lisemwe wazi. Mtu anapeleka trela yake ya kambi kwa fundi, anaomba mlango mwepesi usiovuja, analipa pesa nzuri. Anarudishiwa geti: tyubu ya mraba ya inchi moja, bati la geji 16, bawaba mbili, kitasa cha nyumba, na silikoni imepakwa kila mahali. Mvua ya Aprili ikija, godoro linalowa. Akilalamika, anaongezewa silikoni!

Silikoni haizibi kitu kinachofunguka na kufungwa. Hilo ni jambo la kwanza kabisa, na bado watu wanalipishwa kwa ajili yake.

Pigeni hesabu. Mlango wa sentimita 60 kwa 160: bati peke yake ni kama kilo 12, tyubu kilo 6, na plaiwudi ya ndani bado. Mzigo huo wote unaning'inia kwenye ukuta mwembamba unaotikiswa na barabara ya changarawe. Bawaba zinalegea, upande wa kitasa unashuka milimita 3 au 4, mpira wa kuziba wa juu unaachana na fremu. Maji yanapitia hapo.

Mlango wa saizi hiyo unaweza kuwa na kilo 8 tu. Fremu ya saiprasi kavu, upana milimita 40, unene 25. Mbao ziko soko la Gikomba. Katikati jazeni povu gumu la milimita 25, pande zote mbili plaiwudi ya milimita 4. Msitumie gundi ya viatu, inayeyusha povu. Tumieni gundi ya poliyurethani, na mbandike pande zote mbili siku moja, juu ya meza iliyonyooka, na uzito juu yake kwa saa 24. Ukibandika upande mmoja leo na wa pili wiki ijayo, mlango unapinda na hakuna mpira utakaounyoosha. Penye bawaba na kitasa wekeni kipande cha mbao badala ya povu, kwa sababu skrubu haishiki kwenye povu. Bawaba ziwe tatu, kwa bolti zinazopenya hadi ndani.

Sasa mpira, ambapo uzembe umezidi. Ile sponji ya kubandika inanyonya maji, itoeni. Chukueni mpira wa mlango wa gari, wenye mdomo wa kubana na bomba laini lenye uwazi ndani, ubavuni. Maduka ya spea Kirinyaga Road wanao. Bomba la milimita 10 linatakiwa kubanwa hadi 6 hivi, kwa hiyo mwanya kati ya mlango na fremu uwe milimita 6 pande zote. Mpira uzunguke bila kukatika, kiungo kimoja tu, kiwe chini. Kitasa cha nyumba hakivuti mlango, unahitaji komeo mbili za kuvuta, juu na chini, la sivyo mpira wenyewe unausukuma mlango nje.

Juu ya mlango fungeni kwa ribiti pembe ya alumini ya kumwaga maji pembeni. Kizingiti kiinamie nje.

Na kabla hujapokea trela, mwambie fundi apake chaki ukingo wa fremu, afunge mlango, afungue. Mpira usipopata chaki mahali, hapo haugusi. Kisha mwagieni mlango maji kwa mpira wa bustani, mkianza chini mkipanda juu polepole, mtu akiwa ndani na tochi. Ni kazi ya dakika 20, na anayeikataa anajua kwa nini.

NYONGEZA: Kwa aliyeuliza kuhusu vumbi kuingia ndani ya trela, mlango wa nyuma ndio mbaya zaidi. Trela ikienda kasi, shinikizo la hewa nyuma yake linapungua, vumbi linavutwa na kuzunguka hapo, na linaingia kupitia kila upenyo. Kama bado hujakata ukuta, weka mlango ubavuni. Na kingo za plaiwudi zipakwe vanishi mara tatu kabla ya mpira kuwekwa, kwa maana maji huingilia kwenye kingo na tabaka zikiachana hazirudi.