Klabu ipi ya karavani: ya Coventry au ya East Grinstead? Naomba ushauri

MamaTumu, Leicester

Habari za humu ndani wadau. Mwezi uliopita tumenunua karavani ya mtumba, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ya vitanda vinne, na sisi tuko watano. Baba Tumu kaiegesha mbele ya nyumba na kila jioni anaingia kukaa humo peke yake na chai, eti anaizoea.

Sasa kuna klabu mbili na majina yao ni kama ya mapacha: Camping and Caravanning Club ya Coventry, na Caravan and Motorhome Club ya East Grinstead. Shemeji yangu anasema zote ni zile zile, nilipe yoyote. Mimi pesa yangu siilipi hivyo. Tunapenda milima ya Peak District kwa sababu ni karibu, na mara moja kwa mwaka tunakwenda pwani ya Norfolk. Tumu ana miaka 14, hataki kulala na wadogo zake, anataka hema lake mwenyewe. Mwaka jana tulilala kwenye kambi ya mtu binafsi, majirani wakapiga muziki mpaka saa tisa usiku na hakuna wa kumlalamikia. Nianze na ipi?

Fundi_Reading

Dada MamaTumu, shemeji yako kakosea. Ya Coventry ilianzishwa 1901 na waendesha baiskeli waliobeba mahema yao safarini. Ya East Grinstead ni ya 1907, ilianzishwa na watu wa karavani za kuvutwa na farasi, na mpaka 2017 ilikuwa inaitwa Caravan Club tu. Neno la magari ya kulala (motorhome) limeongezwa juzi juzi.

Unaweza kusema historia inakuhusu nini. Inakuhusu, maana mpaka leo kambi nyingi za Coventry zinapokea mahema bila maneno, na za East Grinstead nyingi hazipokei. Ile yao ya Chatsworth, ndani ya bustani ya zamani iliyozungushiwa ukuta, ni nzuri mno na kwako haiko mbali, lakini ni ya karavani na magari ya kulala. Baadhi ya kambi zao wanakubali kihema kidogo cha mtoto kando ya karavani, nyingine msimamizi anakataa. Piga simu kabla hujalipa. Usimfikishe Tumu getini na hema lake halafu aambiwe alale na wadogo zake, safari nzima itaharibika.

BintiShangani

Fundi kasema vizuri ila karuka jambo ambalo mimi ndilo linanifanya nilipe ada kila mwaka: vikambi vya karavani tano.

Sheria ya Uingereza ya 1960 inaruhusu klabu yenye kibali kumpa mkulima cheti cha kupokea karavani tano, si zaidi, bila yeye kwenda kuomba leseni ya kambi halmashauri. Basi mkulima anatenga kona ya shamba, anaweka bomba la maji na mahali pa kumwaga choo, basi. Ni kwa wanachama tu. East Grinstead wanavyo zaidi ya 2,000, Coventry zaidi ya 1,000, na vya Coventry vingi vinaruhusu na mahema machache pakiwa na nafasi. Bei ya usiku mara nyingi ni ya chini sana kuliko kambi kubwa. Mayai unachukua mwenyewe kwenye kisanduku, hela unatia kwenye kopo.

Lakini sikiliza kisa changu. Kikambi kimoja kilikuwa na umeme wa ampea 10. Mimi nimekuja na birika langu la nyumbani, lile la wati 3,000. Ampea 10 ni wati 2,300 tu! Nimebonyeza, tak, giza. Swichi kuu imefungiwa bandani, mkulima kaenda mnadani na ng'ombe. Tukakaa hivyo toka saa nne asubuhi mpaka magharibi, friji inavuja maji, mama mkwe ananitazama bila kusema neno. Siku hizi nina birika dogo la wati 900, linachemka polepole kama linafikiria kwanza.

MamaTumu

😂 Mama mkwe asiyesema ndiye wa kuogopwa. Kwa hiyo vikambi hivyo havina vyoo?

BintiShangani

Vingi havina. Unatumia choo cha karavani yako, na kukimwaga ni kazi ya baba. Hilo mlimalize nyumbani kabla hamjaondoka.

Mzee_wa_Kikoi

Wanangu mnazungumza klabu, hamjauliza atakayeivuta. Mama Tumu, mzee ana leseni ya hapa? Leseni ya Kenya au Tanzania unaendeshea miezi 12 tu tangu uanze kuishi hapa, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao, haibadilishwi kwa fomu. Akishakuwa na leseni ya gari ya hapa mambo ni mepesi: tangu Desemba 2021 hakuna tena mtihani wa tela, unavuta mpaka kilo 3,500.

Ila ruhusa si ujuzi. Kwa anayeanza, karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Vitu vizito viwe chini, karibu na ekseli. Ukijaza nyuma inaanza kuyumba barabarani kama mkia wa samaki, na hapo ukikanyaga breki kwa hofu umekwisha. Mwendo ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu (motorway), 50 kwenye barabara ya kawaida, na kwenye barabara kuu yenye njia tatu usiingie ile ya kulia kabisa.

Klabu zote mbili zina mafunzo ya kuvuta na kurudi nyuma. Nimevuta tela za mahindi Kitale miaka sita, nikadhani najua. Siku ya kwanza hapa nilitumia dakika arobaini kuingiza karavani kwenye nafasi yake, Waingereza wamekaa vitini wananiangalia na chai zao kama wako sinema. Nenda mafunzoni.

Kijana_Luton

Mimi nasema usijiunge popote. Kambi nyingi kubwa za klabu wanapokea hata asiye mwanachama, unaongeza hela kidogo kwa usiku. Kwenda mara moja kwa mwaka ada ya nini?

Fundi_Reading

Kijana, wewe huna watoto. Mwenye karavani mlangoni hawezi kwenda mara moja kwa mwaka, karavani yenyewe itamdai. Achukue ile ziada ya asiye mwanachama, azidishe kwa usiku anaotegemea kulala, alinganishe na ada ya mwaka. Na ziada haikuingizi kwenye vikambi vya Binti hata ulie.

BintiShangani

Na kuhusu muziki wa saa tisa, dada: kwenye kambi za klabu saa tano usiku ni kimya mpaka saa moja asubuhi, na kizuizi cha magari kinafungwa. Kati ya karavani na karavani mita sita, kwa ajili ya moto. Msimamizi anapita kupima kwa macho. Ubaya wake ni kwamba ukija na ukoo mzima kama tunavyopenda, magari manne na taarabu, msimamizi huyo huyo atakuja kwako.

MamaTumu

Nashukuru sana. Nimekaa na Baba Tumu tukatazama ramani za zote mbili. Sandringham wote wana kambi, kwa hiyo Norfolk haikutuamulia. Lililoamua ni hema la Tumu. Tunaanza na Coventry, mwakani tukiona tunalala ndani zaidi tutahamia au tutalipa zote. Nimeiona na ya Hayfield, chini ya mlima wa Kinder Scout, nataka tuanzie hapo.

Mzee_wa_Kikoi

Simama hapo hapo! Hayfield ni ya mahema na magari ya kulala, karavani ya kuvuta haipokelewi. Soma maelezo ya kila kambi, mwanangu, si picha.

MamaTumu

Yaa Rabi. Nilikuwa nimeshafika ukurasa wa malipo. Haya, swali la mwisho: jiko la karavani linabeba sufuria ya pilau ya watu kumi?

BintiShangani

Halibebi, na mvuke utalowesha dari. Chukua jiko la nje la gesi, na kama ni majira ya baridi chukua mtungi mwekundu wa propeni. Ule wa buluu wa butani unagoma baridi ikikaribia sifuri, utabaki na mchele mbichi. Na upike upande upepo unakoelekea, ukiwapelekea harufu ile majirani na husemi karibu, hawatakusamehe.