Milioni 1.2 kwa kompyuta ya kwanza ya gemu: mtumba wa ofisini au niunde mpya?

KijanaWaTemeke

Wakuu, habari zenu. Nataka kompyuta yangu ya kwanza ya gemu. Bajeti ni milioni 1.2, nikijikamua sana 1.3. Monita ya inchi 22 ya 1080p ninayo, kibodi na mausi ninavyo. Gemu zenyewe ni FC (ya mpira), GTA V na Valorant, na nyingine nzito mara mojamoja. Sihitaji picha za juu kabisa, nataka fremu 60 kwa sekunde zisizoyumba.

Kariakoo nimetajiwa njia tatu:

1. Dell OptiPlex 7060 SFF (kasha dogo jembamba) ya mtumba: prosesa i5-8500, RAM GB 8 kijiti kimoja, SSD GB 256. Halafu niongeze kadi ya grafiki, GTX 1650.
2. Kuunda mpya: prosesa Ryzen 5 5600G bila kadi ya grafiki, kadi nitanunua mbele ya safari.
3. OptiPlex 9020 ya mnara, i5-4590, tayari ina kadi ya RX 580 ya GB 8 ndani. Hii ndiyo ya bei ya chini kuliko zote.

Muuzaji wa namba 3 anasema "hii inacheza kila kitu". Mnashaurije?

Waya_Mwekundu

Mkuu, tuanze kwa kufuta namba 3, maana ndiyo yenye mtego.

i5-4590 ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2014. Ina viini vinne tu, na RAM yake ni DDR3, aina ya zamani, kwa hiyo siku ukihama vijiti vyako havihami na wewe. Windows 10 ilikatiwa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta). Hiyo 9020 ina TPM 1.2. Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), la sivyo inakurudisha mlangoni. Mafundi wanajua kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani, lakini mlinzi wa gemu (programu ya kuzuia wadanganyifu) hadanganyiki kwa njia hiyo. Kwa hiyo "kila kitu" kimeshagoma kwenye orodha yako mwenyewe ya gemu tatu.

Kuna na hili la umeme. RX 580 inakula wati 185 hivi, nayo inataka plagi ya pini 8. Pawasaplai (boksi la umeme ndani ya kasha) ya 9020 ya mnara ni wati 290 na plagi hiyo haina. Muulize muuzaji kadi inapata umeme kutoka wapi. Ukifungua kasha, usishangae kukuta adapta iliyochomekwa kwenye plagi ya SATA, ile ya diski. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla ampea 4.5, sawa na wati 54. Kadi inataka zaidi ya wati 100 kupitia waya huohuo. Plastiki inalainika, harufu ya kuungua inatangulia, kisha mashine inazima katikati ya mechi. Ikifa kadi peke yake, shukuru.

Namba 1 wazo lake ni zuri, kilichoharibika ni umbo. Kwenye mitumba ya ofisini chagua umbo kwanza, prosesa baadaye. SFF inapokea kadi za kimo kifupi tu, pawasaplai yake ni wati 200, na kwenye matoleo mengi sloti ndefu imebanana na pawasaplai kiasi kwamba kadi ya unene wa sloti mbili haikai. GTX 1650 ya kimo kifupi ipo, ila ni adimu na inauzwa ghali kwa kazi ileile. Ile ndogo kabisa, Micro, usiiguse: haina sloti ya kadi, na RAM yake ni ya laptop.

Mwambie akutafutie 7060 hiyohiyo lakini MT, yaani mnara. Pawasaplai yake ni wati 260 na kadi ya kimo kamili inaingia. Hesabu: prosesa ikibanwa tuseme wati 90, kadi 75, bodi na diski na feni 40. Jumla 205. Inatosha bila kuomba dua.

Masharti mawili. GTX 1650 unayonunua isiwe na tundu la plagi ya umeme juu yake, kwa sababu kuna matoleo ya pini 6 na mashine hii waya huo haina. Pia usijidanganye kwamba pawasaplai utaibadilisha baadaye kirahisi: plagi kuu ya bodi hizi ni pini 6, si zile 24 za kawaida, hivyo pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta. Wati 75 zinazotoka kwenye sloti ndiyo dari yako. Ukilikubali hilo leo, mashine hii haitakuudhi.

Bodi_na_Skrubu

Nakubaliana kuhusu namba 3, ila namba 2 isitupwe haraka hivyo.

Faida ya kuunda mwenyewe ni kwamba hakuna plagi ya ajabu. AM4 (soketi ya prosesa kwenye bodi) inapokea kuanzia 5600G mpaka 5700X3D, kasha ni la kawaida, pawasaplai ni ya kawaida, na siku ukipata kadi ya RX 6600 unaichomeka tu. RX 6600 inakula wati 132 na inataka pini 8, kitu ambacho OptiPlex haitakupa kamwe.

Hasara yake niseme bila kificho. 5600G bila kadi inakopa RAM ya kompyuta ifanye kazi ya grafiki, na hapo mwendo wa RAM ndio kila kitu. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili GB 51.2. GTX 1650 yenye memori yake ya GDDR5 inapitisha 128, ya GDDR6 inapitisha 192. Kwa hiyo 5600G yenye kijiti kimoja ni kuitesa bure. Yenye viwili vya GB 8, Valorant inateleza, GTA V inakwenda kwa 1080p ukishusha mipangilio, FC itabidi uishushe zaidi. Gemu nzito sahau.

Mahali pa kuangalia unapounda:

Usichanganye 5600G na 5600. Isiyo na G haina grafiki ndani, bila kadi skrini haionyeshi kitu. Ila ina kashe (memori ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 dhidi ya 16, na PCIe (njia ya data ya kadi) 4.0 dhidi ya 3.0. Kama kadi unainunua siku hiyohiyo, chukua 5600 tupu.

Bodi ya B450 iliyokaa sana dukani (chipseti hiyo ni ya 2018) inaweza kuwa na BIOS (programu ya kuwashia bodi) isiyozijua prosesa hizi. Omba muuzaji aiwashe na prosesa yako mbele yako, au chukua B550.

Kasha linalouzwa na "pawasaplai wati 500 bure" ndani, hiyo pawasaplai ihesabu kama haipo. Inyanyue mkononi, nyepesi kama kopo tupu ndiyo jibu lake. Tafuta wati 550 yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze kutoka kampuni inayotoa waranti. Hapo ndipo watu wanabana elfu arobaini na kupoteza laki nne.

Tatizo la kweli la namba 2 kwa bajeti yako ni RAM. Imepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025. Vijiti viwili vipya vinaweza kukumalizia fungu la kadi. Mtumba unakuja na vijiti vyake tayari, na ndiyo maana siwezi kumpinga Waya_Mwekundu kwa nguvu. Kama kusubiri si tatizo, namba 2. Kama unataka kucheza mwezi huu, 7060 MT.

mwanaLuthuli

Ndugu, salamu kutoka Nairobi. Mimi nichangie upande wa kadi iliyotumika tu, kwa sababu huko ndiko pesa hupotelea.

Usinunue kadi iliyolala kwenye meza. Mwambie muuzaji aiweke kwenye mashine, na wewe uwe na flashi yenye GPU-Z (inasoma taarifa za kadi) na FurMark (inaipa kadi kazi nzito).

Ukifungua GPU-Z, angalia jina na idadi ya viini. GTX 1650 ya kawaida ina 896. RX 580 kamili ina 2304. Ikisoma 2048 hiyo ni toleo dogo lililovaa jina la kaka yake, na bei ishuke. Kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS zijiite GTX 1050 Ti bado zinazunguka sokoni: GPU-Z huandika [FAKE] mbele ya jina. Ishara ya haraka zaidi ni tundu la VGA. Kizazi cha 1050 Ti hakitoi tena VGA, basi ukiliona hilo tundu, shukuru na uondoke.

FurMark iache dakika 10. Joto lipande kisha litulie. Likipita 85 na bado linapanda, pesti ya kupitisha joto imekauka au feni imechoka; hilo hurekebishika, lakini dai punguzo. Ukiona nukta za rangi, mistari, au skrini kuzima na kurudi, hiyo ni memori au chipu inaondoka. Usikubali kuambiwa ni draiva. Zungusha kila feni kwa kidole mashine ikiwa imezimwa: ikikwaruza, imekwisha.

Tena, Nvidia ilisimamisha draiva mpya za gemu kwa mfululizo wa GTX 900 na GTX 10 Oktoba 2025. Kwa hiyo 1050 Ti na 1060, hata zikiwa nzima, ziwe za bei ya kutupa. 1650 ni kizazi kinachofuata, bado inahudumiwa.

RX 6400 utaonyeshwa pia, kwa sababu inakula wati 53 tu. Inatumia njia 4 za PCIe 4.0, ukiichomeka kwenye i5-8500 yenye PCIe 3.0 njia hizo zinabaki na nusu ya upana. Haina pia kisimbaji cha video, basi kurekodi mechi kutailemea prosesa.

KijanaWaTemeke

Asanteni sana wakuu. Nimepata 7060 MT yenye RAM GB 8 kijiti kimoja, na 1650 ya GDDR6 isiyo na tundu la umeme, nitaipima kama mlivyosema. Inabaki akiba kidogo. Nianze na RAM au SSD kubwa? Na je, kuna cha kubadilisha kwenye BIOS?

Waya_Mwekundu

RAM kwanza. Kijiti cha pili cha GB 8 kitakuondolea ule mkwamo wa nusu sekunde ndani ya GTA V kuliko kitu kingine chochote. i5-8500 inaishia RAM ya mwendo wa 2666. Kijiti cha 3200 kitafanya kazi, kitashuka tu mwendo, usilipie ziada. Ukishakiweka ingia BIOS kwa F2, ukurasa wa memori usome Dual. Ukisoma Single, umekosea sloti.

SSD ya GB 256 itakubana haraka, FC peke yake inakaribia GB 100. Bodi ina sloti ya M.2 ya NVMe, SSD za haraka kuliko SATA. Kama SSD iliyopo ni ya SATA, iache ya Windows, gemu ziweke kwenye NVMe ya GB 500 au TB 1 utakayoongeza baadaye. Usihamishie gemu kwenye diski ya kuzunguka kwa kubana pesa.

Kwenye BIOS: hakikisha TPM na Secure Boot vimewashwa na uwashaji ni wa UEFI, mtindo mpya. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha Windows, kwa sababu Windows iliyosakinishwa kwa mtindo wa zamani haitawaka ukibadilisha baadaye.

Ondoa feni ya prosesa, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya saizi ya punje ya dengu. Mashine ya ofisi imekaa miaka bila kufunguliwa, na ile pesti sasa ni chokaa. Pembe za pawasaplai zipulize vumbi, lakini zuia feni isizunguke unapopuliza.

Na waya wa monita uende kwenye kadi, chini, si kwenye tundu la bodi juu. Ukiona fremu 15 kwenye FC, anzia hapo kabla hujamtukana muuzaji.

Mama_Stabilaiza

Mwanangu, hapo wote mmesahau umeme wetu. Kinachoua pawasaplai si kukatika, ni kurudi. Umeme ukikatika zima ukutani, subiri dakika mbili tatu baada ya kurudi ndipo uwashe.

UPS ya VA 650 inabeba wati 360 hadi 390 hivi, kwa mashine ya wati 205 na monita inatosha, itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Usiinunue ukidhani utamalizia mechi. Betri yake ipime: chomoa ukutani mashine ikiwa kwenye gemu, si ikiwa imepumzika. Ikizima papo hapo, betri ni ya maonyesho. Na ekstensheni iwe ya pini tatu zenye athi ya kweli. Ukigusa kasha ukasikia linawasha vidole, athi haipo.

dogo_wa_Mbagala

Samahani kudandia uzi. Kwenye MT hiyohiyo RTX 3050 inaingia?

Waya_Mwekundu

Ya GB 6 tu. Inakula wati 70, haina plagi. Ya GB 8 inakula 130 na inataka plagi. Majina yanafanana, soma GB kwenye boksi na uangalie ukingo wa juu wa kadi kabla hujatoa hela.