Tupeane uzoefu: Bi mkubwa ana pumu na anakwenda Marekani kiangazi chao (moshi, chavua, joto, viwanja vya ndege)

MtotoWaMakole
Wakuu, habari za majukumu.

Bi mkubwa anaondoka mwezi wa sita kwenda kwa dada yangu Minneapolis, anakwenda kulea mzazi. Pumu anayo siku nyingi. Hapa Dodoma tumeshaizoea: upepo wa Agosti ukianza kuchezea vumbi, madirisha yanafungwa, uwanja haufagiliwi mpaka umwagiwe maji, na ile pampu ya bluu haitoki kwenye mkoba wake hata akienda sokoni.

Sasa majirani wanamwambia anakwenda kwenye hewa safi, atapona huko huko. Dada naye anasema kuna siku za kiangazi wanajifungia ndani kwa ajili ya moshi. Nimsikilize nani? Mliokaa nje wakati wa joto lao, au mliosafiri na mgonjwa wa kifua, mwageni uzoefu. Wa kwenu wenyewe, si wa kugugo, huko nimeshapita.

KisikiChaMpingo
Mkuu, pumu inaletwa na baridi. Kama anakwenda kwenye joto, shida iko wapi? Tangawizi, limau, asali. Mengine ni kujitia hofu.

BukavuMpakaTwinCities
Jambo kwenu wote. Kaka wa tangawizi, hapana.

Mimi naishi huku huku Minnesota, jirani na dada yako kabisa. Moshi wenyewe si wa hapa, unatoka Kanada, misitu inaungua kule na upepo unatuletea. Mwaka 2023 ndio ulikuwa mbaya kuliko yote, Kanada iliunguza zaidi ya hekta milioni 15. Tarehe 14 Juni mwaka ule jua lilikuwa jekundu mchana, unaliangalia kwa macho bila taabu. Gari nililoegesha nje lilinuka kama jiko la kuni. Mwanangu ana pumu, na usiku ule tulikaa naye akiwa ameketi, kulala chali hawezi. Mwaka 2025 mwanzoni mwa Juni moshi ukarudi, kwa hiyo usifikiri ni jambo la mara moja.

Tunachofanya: asubuhi kabla mtoto hajatoka ninafungua AirNow kwenye simu, ni huduma ya serikali, unaandika msimbo wa posta wa mtaa wako tu. Kijani na njano, anakwenda kucheza. Rangi ya chungwa, mwenye pumu apunguze kukaa nje. Nyekundu, sisi wote ndani. Zambarau ndiyo ile ya 2023.

Na usinunue mashine ya bei kubwa kabla hujajaribu hii. Chukua feni ya mraba, ile ya kusimama sakafuni, na chujio la hewa la tanuru ya kupasha nyumba joto, la daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha jinsi chujio linavyonasa vumbi jembamba). Lifunge nyuma ya feni kwa selotepu pana, mshale uliochorwa kwenye chujio uelekee kwenye feni, ziba pembeni kusiwe na upenyo. Weka chumba anacholala, mlango ufungwe. Chujio letu liliingia jeupe, likatoka rangi ya kaki. Mke wangu alilipeleka kanisani kuwaonyesha watu.

Feni isiwe kuukuu, na msiiache inazunguka nyumba ikiwa haina mtu.

KisikiChaMpingo
Duh. Sawa, naendelea kusoma.

NesiMkambaLeicester
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, muuguzi, niko Uingereza. Moshi kama huo wa Marekani sijaukuta, wacha nizungumzie chavua, ule unga wa maua na nyasi unaopeperushwa na upepo, maana hiyo ndiyo inatutesa wengi na hatuitambui.

Nilipokuja nilikuwa mzima kabisa. Miaka ikapita, kisha kila Juni nikaanza kupiga chafya mfululizo, macho yanawasha mpaka naogopa kuendesha gari, paa la mdomo linawasha. Nikawa nasema ni homa, nameza dawa za homa. Homa gani ya kukaa wiki sita bila joto la mwili, na mvua ikinyesha unapata nafuu? Ilikuwa chavua ya nyasi. Wahamiaji wengi huwa hivyo: mwili unahitaji misimu kadhaa kuizoea chavua ngeni ndipo uanze kuikataa. Kwa hiyo mama anayekwenda miezi michache, miti ya kule huenda isimsumbue. Nyasi ni habari nyingine, kwa sababu nyasi ziko hata Dodoma.

Mambo yanayonisaidia mimi: dawa ya kupulizia puani naianza mapema, kabla ya msimu, kwa sababu haifanyi kazi siku ile ile. Setirizini, kidonge cha mzio, jioni. Piritoni sikushauri mama aitegemee, inalaza, na mtu mzima akiamka usiku ana kizunguzungu ni kuanguka. Vaselini kidogo pembeni ya matundu ya pua inanasa chavua. Na khanga zisianikwe nje! Najua inauma, jua lile na kamba tupu, lakini chavua inashika kwenye nguo mbichi halafu unajifunga nayo usiku kucha.

Lingine, mvua ya radi siku za chavua nyingi. Watu wanakimbilia dirishani kuvuta hewa ya mvua. Melbourne, Novemba 2016, dhoruba moja ilipasua chavua ya nyasi ikawa vumbi jembamba la kufika ndani ya mapafu; maelfu walikimbizwa hospitali na watu 10 wakafariki. Baadhi yao hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Radi ikianza, mama aingie ndani, madirisha yafungwe mpaka ipite.

Na yule anayetumia pampu ya bluu peke yake miaka yote, tafadhali amwone daktari kabla ya safari, aulize kuhusu ya kuzuia, ile ya kila siku. Ya bluu inafungua kifua kilichobana, haitibu uvimbe wa ndani.

BintiMatrah
Assalaam alaykum. Nyie na kiangazi chenu cha nyasi, njooni Maskati, hapa Oman, mwezi wa sita. Mwaka 2018 pale Quriyat kulikuwa na siku ambayo hata usiku joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Serikali hapa inakataza kazi za nje saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti, na bado utamwona mtu ameshika kichwa kivulini.

Mie kinachonibana si joto lenyewe, ni kutoka kwenye kiyoyozi cha nyuzi 18 ukaingia kwenye tanuri. Miwani inapata ukungu, kifua kinajikunja papo hapo. Siku hizi nyumbani naiweka 25 na watoto wananuna.

Halafu khareef, msimu wa mvua wa kusini mwa Oman. Kila mwaka mume wangu anasema twende Salalah tukapumzike, na kweli Juni mwishoni mpaka Septemba kule ni manyunyu na ukungu, majani mabichi, utadhani upo Lushoto. Tunakwenda kwa gari, kilomita kama elfu moja, jangwa tupu, upepo unaburuza mchanga juu ya lami kama nyoka. Ukishapita Thumrait unaanza kuteremka mlima na ghafla umo ndani ya wingu, gari la mbele hulioni, malori yapo. Hapo ndipo bibi yangu mkwe alipotuomba tusimame avute pampu yake, maana ule unyevu wa baridi ulimkaba kuliko vumbi lote la njiani. Tena chumba tulichokodi kilikuwa kinanuka ukungu wa ukutani. Tukahama usiku ule ule, na pesa hatukurudishiwa.

Kwa hiyo kaka, hewa ya baridi si lazima iwe hewa ya kumfaa yeye.

MzeeWaTengeru
Arusha hapa. Gugu karoti linaniwasha mikono na kunitoa machozi tangu limejaa kandokando ya barabara zetu. Mkwe wangu yuko Ohio, akanipigia mwezi wa nane analia na pua hiyo hiyo. Kumbe kule wana gugu linaitwa ambrosia, ni ukoo mmoja na gugu karoti, na linamwaga chavua kuanzia kati ya Agosti mpaka baridi ya kwanza ya kugandisha umande. Bi mkubwa akiwa na mzio wa gugu karoti, tazameni tarehe ya kurudi.

MpandaNdegeMsugu
Safari yenyewe. Kiangazi cha Marekani mchana mchana ni dhoruba za radi, ndege zinapangwa foleni. Tarehe 7 Juni 2023 moshi ule ule wa Kanada ulizuia ndege kutua LaGuardia, New York. Usimkatie tiketi yenye saa moja ya kubadili ndege, mama wa watu atakimbia na kifua chake. Saa tatu au nne. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, si mlangoni pa kupandia ndege.

Dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, kwenye maboksi yake, pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza. Begi kubwa linaweza kwenda kutalii bila yeye. Na bima ya safari, soma maandishi madogo: nyingi hazilipi ugonjwa uliokuwepo kabla. Pumu uitaje waziwazi na upate jibu kwa maandishi.

MtotoWaMakole
Wakuu, asanteni sana. Nimempigia dada, feni anayo, chujio anakwenda kununua wikiendi. Bi mkubwa tumempangia daktari Jumatatu. Kuhusu gugu karoti nimemuuliza, akasema lile la njia ya shamba kwa shemeji Usa River lilimvimbisha macho, kwa hiyo tarehe ya kurudi tunaivuta kabla ya kati ya Agosti. Ananuna, anasema mtoto atakuwa bado hajamzoea.

Bukavu, nakuja PM, nipe jina la hilo duka la machujio.