Boti ina miaka 22, kanuni mpya zimenibana: nitengeneze, niuze au niache kubeba abiria?

Tezi na Omo:
Wakuu, naomba mawazo yenu, tena mseme wazi bila kunionea huruma.

Nina boti ya faiba ya mita 11, umri wake miaka 22. Niliinunua ikiwa imetumika, na mwaka wa tisa huu inabeba abiria. Cheti kinaruhusu 20. Zamani mkaguzi alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka boti ikiwa majini. Anahesabu majaketi, anasikiliza mashine, anatazama vizima moto, anasaini. Nusu saa imeisha. Sasa chombo cha umri huu lazima kipandishwe chelezoni, yaani nchi kavu, faiba ipimwe unyevu, valvu za chini ya maji (zinazoziba matundu ya bodi) zifunguliwe moja moja, na uthabiti wake majini, yaani uwezo wa kutopinduka, ukokotolewe upya. Wakaguzi wawili walikataa mara tu waliposikia umri. Wa tatu amekubali, ila anataka "historia ya chombo". Risiti nilizonazo zimefifia hazisomeki! Na watu wa bima wamesema bila ripoti hawahuishi.

Kinachoniuma ni kwamba nimeitunza. Napaka rangi ya chini kila mwaka, mashine nimebadilisha, hata paa la turubai nililitoa nikaweka la mbao lililofunikwa faiba ili abiria wapate kivuli cha uhakika. Nitengeneze kila watakachosema, niuze, au niiandikishe kuwa ya matumizi binafsi?

Nanga Mbili:
Uza leo. Mwakani wenye boti kuukuu wote watakuwa wanauza, na wewe utakuwa mmoja wao.

Ngama:
Nanga Mbili, mimi niliufuata ushauri kama huo mwaka jana na bado najilaumu. Niliuza bila ripoti. Mnunuzi akaja na mkaguzi wake, na kila sehemu asiyoweza kuiona akaihesabu kuwa mbovu: matangi hayaonekani, nyaya zimepita nyuma ya ubao, boliti za mkuku (uti wa chini wa boti) zimefunikwa. Tulipomaliza kupatana, bei ilikuwa ya mashine peke yake. Bodi nilimpa bure.

Mkaguzi Mstaafu:
Nimefanya kazi hii miaka mingi, ngoja niseme upande wetu. Kanuni zilipokazwa, mzigo ulihamia kwenye saini ya mkaguzi. Zamani asichokiona alikinyamazia. Leo anaandika "sikuweza kukagua", na maneno hayo mawili yanakushusha bei kuliko ufa. Dawa yake ni picha. Safari hii ukipandisha chelezoni, piga picha kila valvu ikiwa imefunguliwa, kila tundu, kila kiraka kabla hakijafunikwa, na uandike tarehe. Historia anayoitaka ndiyo hiyo, na unaweza kuanza kuijenga hata leo.

Pili, usimlete siku ileile boti inapotoka majini. Mita ya unyevu inasoma hata maji yaliyonywewa na rangi, kwa hiyo boti iliyopanda asubuhi itaonekana imeoza jioni. Kwangua rangi sehemu chache, iache ikauke siku kadhaa, ndipo apime. Malengelenge madogo kwenye faiba si mwisho wa dunia. Yatoboe: yakitoa majimaji yenye harufu kali ya siki, ni ugonjwa unaotibika, hauzamishi boti wiki ijayo. Sitaha inayobonyea ukiikanyaga ndiyo ya kuogopa.

Tatu, mwombe atenge kwa maandishi yaliyo lazima kabla ya kurudi majini na yale ya ushauri tu. Wengine huyachanganya, na mtu wa bima akisoma anaona kila kitu ni lazima.

Sasa nikuulize: hilo paa uliliweka lini, na kuna aliyekokotoa uthabiti baada ya hapo?

Tezi na Omo:
Miaka minne iliyopita. Hakuna aliyekokotoa. Mkaguzi wa wakati ule alilisifu.

Mkaguzi Mstaafu:
Basi suala lako kubwa ni hilo, umri unafuata. Mwaka 2005 boti ya watalii Ethan Allen ilipinduka Lake George, Marekani, watu 20 wakafa. Idadi ya abiria haikuzidi ile ya kwenye cheti. Ila turubai la juu lilikuwa limebadilishwa kuwa paa la mbao bila uthabiti kupimwa tena, na uzito wa mtu uliotumika kwenye hesabu ulikuwa wa zamani, mdogo kuliko watu walivyo. Uzito ukiwa juu unapandisha kitovu cha uzito. Abiria wakisogea upande mmoja, chombo hakirudi.

Mwaka 2011 Marekani wakapandisha uzito wa kukadiria wa mtu mmoja kutoka pauni 160 hadi 185, yaani kutoka kilo 73 hivi hadi 84. Fanya hesabu: watu 20 kwa kilo 73 ni kilo 1,460. Gawa kwa 84, unapata 17. Boti ni ileile, viti vitatu vimeondoka, na hapo sijaligusa paa lako.

Farumi:
Na hilo la matumizi binafsi lifikirie vizuri. Ni halali kabisa kama kweli huchukui nauli. Ukibeba hata "marafiki wanaochangia mafuta", siku ya ajali bima watauliza nani alilipa nini. Hapo huna bima, na una kesi.

Nanga Mbili:
Nakubali niliongea haraka. Lakini gharama zikivuka nusu ya thamani ya boti, mimi bado ningeuza.

Tezi na Omo:
Wakuu, narudi na majibu. Imekaa juu siku 12 ikikauka. Unyevu ni wa kawaida isipokuwa kuzunguka tundu moja la zamani. Ila valvu mbili, nilizokuwa nazifunga na kufungua kila siku kwa imani, shaba yake imegeuka rangi ya waridi. Mkaguzi kagonga moja kidogo tu kwa nyundo, ikavunjika kama biskuti. Yaani nimekuwa napakia watu juu ya kitu kile.

Paa la mbao nimelishusha, turubai linarudi. Jaribio la uthabiti ni wiki ijayo, tutatumia mifuko ya mchanga badala ya watu. Picha nimepiga 140. Cheti kikitoka na watu 16 naendelea na kazi. Kikitoka na 12, Nanga Mbili, nitakutafuta unisaidie kupata mnunuzi.