Naomba ushauri: shira ya mzuzu inageuka chenga

Wapishi, hamjambo? Hapa Kisumu natumia gonja (ndizi mzuzu) za soko la Kibuye, zenye madoa meusi kwenye ganda lakini bado zinashika kisu. Ya njano tupu haina utamu. Iliyolegea hunywa mafuta na kumeguka. Nakata mshazari, unene wa sentimita 1, nakaanga kwa moto wa wastani dakika 2 au 3 kila upande. Moto ukizidi, sukari ya ndizi inaungua kabla ndani hakujaiva.

Hapo sina shida. Shida ni shira: sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, iliki 4 za kuponda. Nachemsha hadi inate vidoleni, nachovya ndizi, lakini ikipoa inaganda chenga nyeupe. Sikorogi sukari ikishayeyuka, na punje za ukingoni mwa sufuria nazifuta kwa maji. Je, ndimu kijiko 1 cha chai inatosha, au mnaongeza? Na ndizi zichovywe zikiwa moto, au shira ipoe kwanza? (Tui la nazi msiniambie, huku nazi ni bei ya pwani na nauli juu.)