Programu yangu ya Tkinter inazidi kula memori kadiri siku inavyokwenda, naomba ushauri

Nuru7
Wakuu, habari za saa hizi. Nina programu niliyoiandika kwa Python na Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha). Inafungua nyaraka zilizoskaniwa, kila waraka kwenye dirisha lake: mtu anausoma, anajaza sehemu chache, anafunga, anafungua mwingine. Ikiwashwa asubuhi inachukua MB 90. Jioni imeshapita GB 2 na kompyuta nzima imekuwa nzito. Jana ilizimika yenyewe, mtu akapoteza kazi ya saa nzima. Hilo limeniuma sana.

Nimeweka del kila mahali, na gc.collect() (ile ya kuzoa memori isiyotumika) kila dirisha linapofungwa. Hakuna kilichobadilika. Nakosea wapi?

Kitasa
Pole mkuu. Kufunga kwenyewe unatumia destroy() au withdraw()? Withdraw inaficha tu, dirisha liko palepale.

Nuru7
destroy(), nimehakikisha.

mlinda_kodi
Basi kuna kitu bado kimelishika. Destroy inaua dirisha upande wa Tk (mfumo wa madirisha ulio chini ya Tkinter), lakini objekti ya Python inabaki hai maadamu kuna rejeleo hata moja linaloielekea. Del inafuta jina, haifuti objekti. Na gc.collect() inazoa zile zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe bila yeyote wa nje kuzifikia. Yako inafikiwa, ndiyo maana haiguswi.

Kwenye programu za matukio, mshikaji huwa ni kitu kinachoishi muda mrefu kuliko dirisha lenyewe. Bandika __init__ tuone.

Nuru7
Nimeipunguza:

```
class Waraka(tk.Toplevel):
    def __init__(self, kuu, njia):
        super().__init__(kuu)
        self.kuu, self.majibu = kuu, {}
        self.picha = ImageTk.PhotoImage(Image.open(njia))
        tk.Label(self, image=self.picha).pack()
        kuu.bind("<Configure>", lambda e: self.panga(), add="+")
        self.rasimisha()

    def rasimisha(self):
        self.rasimu = dict(self.majibu)
        self.kuu.after(5000, self.rasimisha)
```

mlinda_kodi
Washikaji ni wawili. Wa kwanza ni ile lambda (fanksheni fupi isiyo na jina). Umeifunga kwenye dirisha kuu, na dirisha kuu haliondoki mpaka programu izimwe. Kuu inashika lambda, lambda inashika self, self inashika picha. Wa pili ni kuu.after: rasimisha inajipangia upya kila sekunde 5, hata kwa waraka uliofungwa tangu asubuhi.

Sasa piga hesabu. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Tk inatumia baiti 4 kwa kila pikseli, hiyo ni karibu MB 35. Nyaraka 60 tu, umefika GB 2.

Lakini self.picha usiiguse. Ukiiondoa, picha itazolewa mapema na Label itabaki tupu.

Kitasa
Na panga() za madirisha yaliyokufa lazima zinatoa makosa kila dirisha kuu linapobadilishwa ukubwa. Unaiendesha bila terminali, sivyo? Ndiyo maana huyaoni.

Nuru7
Kweli, bila terminali. Na tracemalloc, kile kipimo cha memori cha Python, ilinionyesha MB chache tu, nikaamini kodi yangu ni safi!

mlinda_kodi
Tracemalloc inahesabu memori iliyoombwa kupitia Python. Pikseli zinakaa upande wa Tk, haizioni kabisa.

Safu_ya_tatu
Mngemwambia atumie unbind na kile kitambulisho ambacho bind inarudisha, ila kwenye matoleo ya zamani ya Python unbind hiyo inaondoa vyote vilivyofungwa kwenye tukio lile, hata vya madirisha yaliyo wazi. Mimi hufunga tukio mara moja tu kwenye dirisha kuu, nikaweka madirisha kwenye weakref.WeakSet (niliyoiita kuu.wazi), na fanksheni moja ikayapitia. WeakSet ina marejeleo dhaifu, haishiki kitu. Kwa ile saa ya kuu.after:

```
    def destroy(self):
        self.kuu.after_cancel(self.saa)
        self.kuu.wazi.discard(self)
        super().destroy()
```

self.saa ni kile ambacho after inarudisha, kiandike upya kila rasimisha inapopita. Kisha jipime: r = weakref.ref(dirisha), lifunge, futa jina lake, ita gc.collect(). r() ikirudisha None, limeondoka kweli.

Nuru7
Wakuu, imekubali! r() imerudisha None. Nimefungua na kufunga nyaraka 40, memori ikapanda hadi MB 170 ikasimama hapo. Ila hairudi 90, bado kuna tatizo?

mlinda_kodi
Hapana. Memori iliyoachiwa si lazima irudi yote kwenye mfumo endeshi, sehemu hubaki kusubiri matumizi mengine. Rudia 40 nyingine. Ikibaki palepale, huna uvujaji.

Nuru7
Nimerudia, MB 172. Na rasimu, ambazo zilikuwa zinakaa kwenye memori tu, sasa zinaandikwa kwenye faili kila sekunde 5. Kesho asubuhi nampelekea yule aliyepoteza kazi yake aijaribu wa kwanza.